Gonga Kwanza

Katika bucha ile kulikuwa na sheria moja kuu, na haikubandikwa ukutani. Anayekata hugonga kwanza. Fupa, mwenye bucha, akishainua panga la mifupa, kabla hajalishusha aligonga gogo mara mbili kwa ubapa wake, ko, ko, na mkewe aliyeshikilia mguu wa ng'ombe upande wa pili akatoa mikono. Panga likashuka, mfupa ukaachana, mikono ikarudi. Ndivyo walivyofanya kazi tangu waoane. Mke akiwa pale gogoni aliwaangalia wateja, akapiga soga, akacheka, bila kulitupia panga hata jicho. Watu wakimuuliza, "Mama Bucha, huogopi?" huwajibu, "Mimi nimeolewa na masikio yangu."

Basi asubuhi moja, bucha imejaa, Fupa akakata bila kugonga.

Panga lilipita ubavuni mwa kidole cha shahada cha mkewe likaondoka na nyama yake. Kipande kikaruka, kikatua kwenye mizani, juu ya nyama ya mteja. Yule mteja akapiga yowe kana kwamba kidole ni chake. Damu ya mama ikachanganyika na damu ya ng'ombe pale gogoni, hata ukashindwa kujua ipi ni ipi.

"Si ungetoa mkono!" Fupa akafoka.

"Hukugonga, Baba Maini."

"Nimegonga."

"Hukugonga, mume wangu."

Akamtandika kofi lililomwangusha juu ya ndoo ya makongoro ya supu.

Huyu Fupa alikuwa na mwili wa mlango na mikono ya kubeba nusu ya ng'ombe peke yake, lakini ndiye yule yule aliyekuwa akimtoa nzi kwenye chai na kumpuliza mbawa zikauke. Tangu amwoe mwanamke huyu hajawahi kumwinulia hata ufagio. Kofi lile lilimuuma mama, lakini si kama lilivyomuuma panga lililoshuka kimya. Kofi hupigwa na mtu mwenye hasira. Asiyegonga ni mtu ambaye hakuoni kuwa upo.

Akili yake ikakimbilia kule zinakokimbilia akili za wake wengi, akasema moyoni, kuna mwanamke. Akamchunguza. Lakini mwanamume mwenye kimada hujinyoa na kujipaka mafuta. Huyu wake aliacha kuoga. Mwanamume mwenye kimada hutoka nyumbani. Huyu wake alikaa sebuleni akiligonga paji la uso kwenye fremu ya mlango, polepole, kama mtu anayebisha hodi kwenye kichwa chake mwenyewe. Kisha siku moja akaanguka hapo hapo mlangoni, macho yamepinduka, mate yanatoka, miguu inapiga sakafu kama ya mbuzi aliyekwisha kuchinjwa. Ndipo wakaenda hospitali.

Daktari alikuwa mwanamke mwenye sauti ya chini. Aliwawashia picha ya kichwa cha Fupa, akaweka kalamu juu ya kitu cheupe kama yai.

"Uvimbe ni huu hapa, mbele ya ubongo. Mama, sehemu hii ndiyo breki za mtu. Gari lina injini, lina usukani, ila breki zimekatika. Akikupiga, usidhani anakuchukia. Hawezi kujizuia."

"Utatoka?"

"Tutapasua tuutoe. Lakini kitanda cha upasuaji bado, tutawapigia simu. Mpaka hapo mkae naye nyumbani maisha yaendelee. Ameze dawa hizi, msimbishie, na kila chenye makali kiondoke machoni pake."

"Daktari, sisi ni wenye bucha."

Daktari akavua miwani. "Basi mna kazi," akasema. Walipofika mlangoni akamvuta mama kando. "Akizidi, usingoje simu, mlete. Ila mlete mzima. Wagonjwa wa namna hii nimeletewa wakiwa wameshapigwa na watu mtaani, na hapo hakuna tena cha kupasua."

Jioni ile, Fupa alipolala, Mama Bucha alipiga magoti kando ya kitanda. Hakuomba mambo makubwa. "Mungu wangu, umesikia alivyosema daktari. Mimi nakuomba breki tu. Nishikie mtu huyu mpaka simu ilie. Nisimpoteze yeye, wala yeye asinipotezee mwanangu."

Mwana mwenyewe alikuwa mmoja, binti aliyekuwa likizo ya shule, mrefu kuliko mama yake. Baba yake alimwita Maini tangu siku ya kwanza alipompakata, akisema katika ng'ombe mzima hakuna kilicho laini kama hicho, na jina likamganda.

Visu vyote vya nyumbani vikahamia bucha, vikafungiwa ndani ya friza. Wakaanza kuishi maisha ya watu wasio na kisu. Nyanya zilipondwa kwa mkono, kabeji ikachanwa kama karatasi.

"Mama, na vitunguu? Tutavila vizima kama maembe?"

"Vunja kwa kijiko."

"Kitunguu kinavunjwa?"

"Wewe uliyesoma si ndiye utakayenifundisha? Vunja, mwanangu, baba yako asisikie kelele."

Walicheka kwa pua, mikono midomoni. Kicheko nacho kilikuwa kimeingia kwenye orodha ya vitu vyenye makali.

Maana nyumba ile sasa ilikuwa na ratiba yake: asubuhi chai, mchana kipigo, jioni maharage. Fupa alivunja redio kwa sababu mtangazaji alikohoa. Alimrushia jirani tofali kwa sababu alimsalimia. Mama akajifunza kumsoma kama mtu anavyosoma mawingu. Kabla ya hasira kuja, Fupa hujifuta paji la uso kwa kifundo cha mkono, kama mtu anayeondoa utando wa buibui. Ukiona hivyo, ondoa sufuria, ondoa mtoto, ondoka. Kisha dhoruba inapita, naye anaomba chai kwa upole, na wewe unamtilia sukari. Na nguo zinafuliwa, na sakafu inadekiwa, na nyama haingojei mtu, lazima iuzwe.

Jioni moja walikuwa mezani. Maini akapaliwa na maji, akacheka kidogo. Safari hii mama hakuuona ule mkono ukipita usoni. Fupa alisimama na meza, sahani zikaenda ukutani, maharage ya moto yakamwagikia mapaja ya mama. Akamkamata binti yake nywele, akampigiza uso ukutani. Mara ya kwanza. Mara ya pili damu ikaruka kwenye pazia. Mama akainua ndoo ya maji ya kuoshea vyombo akammwagia yote kichwani.

Fupa akamwachia. Akasimama pale anachuruzika, akitazama sakafu.

"Nani amemwaga maji humu ndani?" akauliza. Akaokota kiti, akaketi, akainama, akaanza kuokota maharage sakafuni kwa vidole na kula.

Chumbani, mama alimshikilia binti kitambaa puani.

"Mama, yule si baba."

"Ni baba yako. Breki ndizo hazipo."

"Gari lisilo na breki, nani hulipaki sebuleni?"

Mama alibana kitambaa, akaomba simu ilie. Simu haikulia.

Aliyekuja ni wifi. Dada mkubwa wa Fupa alisikia maneno huko aliko, akafunga safari, akaingia na kanga yake kiunoni tayari kwa vita. Alimkuta ndugu yake ameketi gizani, mapazia yamefungwa, ndevu zimemjaa usoni.

"Wifi, ndiyo nini hii? Mdogo wangu umemtamia kama yai bovu!"

"Anaumwa, wifi. Daktari amesema..."

"Daktari amemjua lini? Huyu nimembeba mgongoni mimi tangu mama yetu afariki. Amenikojolea mimi, si daktari. Wanaume wa kwetu hawaugui kichwa. Wanaugua kukaa bure." Akamtazama mama kutoka juu hadi chini, macho yakatua kwenye kidole kilichofungwa bandeji. "Na panga sasa analishika nani?"

"Nalishika mimi. Maini ananishikia mifupa."

"Aah! Basi nimeelewa. Jogoo kafungiwa, kuku kapanda juu ya paa."

Neno lile lilimchoma mama kuliko maharage. Lakini wifi ni wifi, na tena mwanamke huyu alikuwa na mapenzi ya kweli. Alimuogesha mdogo wake kama mtoto, akamlisha, akamwimbia. Na Fupa kwake alitulia. Mama akashukuru. Kesho yake, ikiwa siku ya watu wengi, akamwambia, "Wifi, mimi na Maini tunakwenda kazini. Kaa naye. Asitoke, nakuomba kwa jina la Mungu. Ukimwona anajifuta uso hivi, mpishe."

"Nenda mama, nenda. Unanifundisha kumlea?"

Bucha ilikuwa inachemka. Wanawake na vikapu, mafundi wa ujenzi wa jengo la jirani na jasho lao, mbwa watatu mlangoni wakingoja riziki. Maini ameshika mguu, mama anagonga, anakata. Ndipo mlangoni pakapigwa vigelegele.

"Mwangalieni!" Alikuwa wifi. "Mtu huyu anaumwa?"

Fupa alisimama nyuma yake, amenyolewa, aproni nyeupe imepigwa pasi. Uso unang'aa. Wateja wakalipuka. "Fupa! Umerudi, mzee!" "Tulikuwa tunauziwa mishipa huku!" Akacheka kile kicheko chake cha zamani. Kabla Mama Bucha hajaamua aseme nini, mume wake alikuwa gogoni na panga limeshahama mkono.

Angelinyang'anya? Daktari alisema asibishiwe. Angempigia kelele? Palikuwa na watu wengi na visu vya kuchunia mezani. Akasogea kwenye mizani.

Ko, ko. Maini akatoa mikono. Panga likashuka. Mfupa ukaachana safi, kama zamani.

"Si nilikwambia?" wifi akasema, machozi yanamlengalenga. "Kazi ndiyo dawa."

Ko, ko. Tena. Ko, ko. Maini akamtazama mama yake, akatabasamu kwa mdomo uliokuwa bado umevimba. Bucha ikawa bucha. Na mama, Mungu amsamehe, akaanza kuamini. Akapima kilo, akafunga, akapima nyingine.

Fundi mmoja wa tofali, mtu wa mizaha, akaita kutoka nyuma, "Fupa, mbona mifupa tupu leo? Unatuuzia ng'ombe au ngazi?"

Watu wakacheka. Maini akageuza uso kumtazama fundi, naye akacheka, mikono yote miwili imeubana mguu katikati ya gogo. Binti aliyelelewa na gogo lile haangalii panga. Anasikiliza.

Na mama akamwona Fupa akijifuta paji la uso kwa kifundo cha mkono.

Panga likapanda. Halikugonga.

Mama alijua kwamba akipiga kelele, mtoto atageuka kutazama, na mikono itabaki pale pale. Mkono wake ulikuwa umeshashika jiwe la mizani. Akaligonga kwenye kaunta, mara mbili.

Ko, ko.

Mikono ya Maini ikatoka kabla kichwa chake hakijajua. Panga likashuka pale vilipokuwa vifundo vyake, likapita mfupa, likazama kwenye gogo hadi nusu ya ubapa.

Kicheko kikakatika. Fupa alivuta panga. Halikutoka. Akavuta tena, shingo imejaa mishipa, kisha akaliacha na kugeuka taratibu.

"Nani amegonga? Nani amegonga kwenye gogo langu?"

"Maini, kimbia," mama akasema.

Fupa alimrukia mama juu ya kaunta. Mizani ikaenda chini na vyuma vyake. Akamshika mkewe mkono uliokuwa na jiwe, akaukunja ukingoni mwa kaunta, nao ukavunjika kwa sauti ambayo mama aliijua vizuri, maana ameisikia gogoni maisha yake yote. Kisha ngumi. Ya mdomo, ya sikio, ya mdomo tena. Meno yakamjaa ulimini kama punje. Wifi akamdandia mgongoni, "Mdogo wangu! Mdogo wangu, ni mimi dada yako!" naye akamng'oa kama mtu anayevua koti, akamtupa kwenye kulabu za nyama. Moja ikamwingia begani. Akaning'inia pale kidogo, kanga inalowa, mdomo wazi hautoi sauti, mpaka nyama ya bega ikapasuka na kumwachia.

Ndipo wanaume wakaingia. Walimpiga Fupa kwa kigoda, wakampiga kwa mguu wa ng'ombe, wakampiga kwa mateke. Mtu mkubwa akianguka, hata waoga hupata ujasiri. Alianguka katikati ya makongoro, na alipoanguka kifafa kikamshika, miguu ikaanza kupiga sakafu, nao wakadhani bado anapigana.

"Kichaa huyu! Mmalizeni!"

"Ameshamuua mkewe!"

"Toka, toka, nipisheni!" Yule fundi wa mizaha alikuwa ameinua tofali zima juu ya kichwa chake.

Mama Bucha alikuwa amesimama, ingawa hakujua alisimama saa ngapi. Mkono mmoja ulining'inia kama kitu cha mtu mwingine. Aliufikia mpini wa panga kwa mkono uliobaki. Panga lililozama gogoni halivutwi, hutikiswa, huku na huku, kama jino la mtoto. Akalitikisa. Likatoka.

Akapita kati yao, akasimama juu ya mume wake, mguu huku na mguu huku. Akaligonga panga kwenye fremu ya chuma ya kaunta.

Ko, ko.

Wote waliokuwamo walikuwa wateja. Wamesimama kwenye foleni ile miaka na miaka. Hakuna hata mmoja asiyejua kinachofuata baada ya mlio ule. Mikono ikatoka. Yote, kwa pamoja. Hata tofali likashuka.

"Mume wangu ana uvimbe kichwani," mama akasema, na kila neno likatoka na damu. "Daktari amesema nimpeleke mzima. Atakayemgusa nitamkata, halafu nitatubu."

"Mama Bucha, amekuvunja mkono!"

"Mkono ni wangu. Na mume ni wangu. Lete mkokoteni."

Fundi akatazama tofali mkononi mwake kama haelewi limefikaje. Akaliweka chini, akaenda kuleta mkokoteni.

Walimpeleka Fupa kwa mkokoteni wa kubebea nyama, amefungwa kamba za ng'ombe, mkewe akitembea pembeni na panga lake, wifi nyuma akishikilia bega kwa kanga, Maini akisukuma. Watu walikaa pembeni mwa barabara kama wanaona mazishi. Simu waliyoingoja haikulia kamwe. Lakini daktari alipoutazama msafara ule mlangoni hakuuliza kitanda kiko wapi. Alikitafuta.

Ubongo ulipasuliwa, uvimbe ukatoka. Fupa akaishi.

Usidhani alirudi yule wa nzi na chai. Aliyerudi ni mtu wa polepole, jicho moja haliko makini, maneno anayatafuta kama mtu anayetafuta funguo mfukoni. Hasira zilikwenda, na vitu vingine vikaenda nazo. Wifi alikaa nao mpaka nyuzi za bega zikatolewa. "Wifi," alisema siku ya kuondoka, "nilimbeba mgongoni nikadhani namjua hadi leo. Nisamehe." Mama akamfungia nyama ya safari. Maini alirudi shuleni. Huja likizo, humsalimia baba yake akiwa mlangoni, na mikono yake huiweka nyuma. Mama hamlazimishi.

Fupa alipoona bandeji ngumu mkononi mwa mkewe, aliuliza, "Nani amekuvunja?"

"Wewe, Baba Maini."

Akalia mpaka mto ukalowa. Kesho yake akauliza tena, maana alikuwa amesahau. Mama akamjibu tena, akalia tena. Siku ya tatu alipouliza, mama akasema, "Ni mfupa tu. Utaunga."

Uliunga, ingawa ulipinda kidogo. Sasa pale bucha panga ni la mama, na anayeshika mfupa ni Fupa. Mwenyewe aliomba, kwa kunyoosha kidole. Daktari alisema apewe kazi ya mikono. Mama alisali wiki nzima kabla hajakubali.

Hugonga gogo. Ko, ko. Mikono mikubwa ya Fupa haitoki. Imelala pale juu ya mfupa, na jicho lake zima linatazama nje, mbwa wanapogombana. Mama hashushi. Panga liko juu, mkono uliopinda unauma, foleni inasogea.

"Mama Bucha, leo tutakula kweli?" mteja anapiga kelele kutoka nyuma.

"Utakula mikono ikitoka."

"Na isipotoka?"

"Utalala njaa, baba, na hutakufa."

Anagonga tena. Na tena. Sasa haamini masikio peke yake. Anatazama gogo, anatazama vidole vile, kimoja kimoja, mpaka Fupa anashtuka kama mtu aliyeitwa kutoka mbali, anageuka, anaviona, na kuvivuta taratibu kifuani pake.

Ndipo panga linaposhuka.